Vitenge vya Nsimire

Kitenge kipya kina harufu yake, na ninyi wa rika langu mliokulia karibu na mpaka hamhitaji kuelezwa. Ni harufu ya wanga na rangi, ina ukali kidogo unaokwaruza pua, na chini yake kuna kitu kinachofanana na mafuta ya taa. Ukikifua mara moja tu, imekwenda. Kwa hiyo wiki ile tuliyomzika Maman, nilipofungua sanduku lake la bati la buluu na harufu hiyo ikanipanda usoni, nilijua kabla sijaangalia kwamba ndani kuna kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji. Nilijua pia ni cha nani. Nilifunga kifuniko, nikakaa juu yake.

Nisiwafiche kitu. Miezi minne kabla, wakati tayari hawezi kutoka kitandani, Maman alinishika mkono akaniambia: “Mu sanduku muko kitenge moja ya ndege. Iko ya Nsimire. Umupelekee, anauzishaka ku soko ya Kadutu.” Nikamjibu ndiyo, Maman. Kutoka kwetu Mururu, upande wa Rwanda, kwenda Kadutu ni kushuka, kuvuka daraja la Rusizi na kupanda Bukavu; mtu anakwenda na kurudi kabla jua halijageuka. Sikwenda. Kila aliponiuliza nilikuwa na jambo: mvua, mafua ya mtoto, karatasi yangu ya mpaka imekwisha muda. Maman alinitazama tu. Sababu ya kweli ilikuwa moja, na alijua. Nilikuwa na wivu. Mwanamke mzima, mwenye binti anayenipita kimo, nilikuwa ninaona wivu kwa sababu mama yangu alikuwa anakufa na jina lililokuwa mdomoni mwake halikuwa langu.

Wivu huo ulinianza nikiwa na miaka minane. Sisi tulikuwa watu wa kurudi. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alikimbilia Bukavu akiwa msichana, akamzaa Maman huko, na Maman akanizaa mimi huko huko. Yalipokwisha mauaji ya Rwanda tukavuka, tukapata nyumba ya vyumba viwili Mururu, juu kilimani, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mabati ya Bukavu yakimeta ng’ambo ya mto. Watu walitupongeza kwamba tumefika kwetu. Mimi niliyaangalia yale mabati nikitafuta lile la nyumba yetu. Papa alikuwa chini Bugarama, kwenye kiwanda cha saruji, akipanda kutuona mwisho wa mwezi na kope zake za kijivu. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake: Koko, Maman, na mimi, kila mmoja mtoto wa mwenzake. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, hakuna wa kunisukuma, na hali hiyo ilinifaa sana.

Ndipo akaja Nsimire. Mama yake alikuwa Mushi, kabila la wenyeji wa kule Bukavu, na rafiki wa Maman tangu wakiwa wasichana. Kule Bukavu tulikaa nao kwenye kiwanja kimoja, tukipika kwa zamu kwenye jiko moja. Vita ya kwanza ya Kongo ilipopita mjini, mama huyo alifariki akijifungua. Maman alivuka kwenda kwenye matanga, akarudi ameshika mkono wa msichana wa miaka kama kumi na mmoja, mrefu, mwembamba kama mti wa kupandishia maharage. Jioni ya kwanza, tukiwa tumezunguka sahani, yule msichana akanyosha kikombe na kusema: “Maman, niongezee mayi.”

Nilishusha kijiko. “Huyu ni Maman yangu miye. Weye umuite Tantine.”

“Kula unyamaze,” Maman akasema, na akammiminia maji kwanza yeye. Najua, alikuwa mgeni, na mgeni huanza. Lakini nilikuwa na miaka minane na sikuwa ninatafuta sababu za kusamehe.

Mimi nilikwenda shule, Nsimire hakwenda. Leo ninaandika sentensi hiyo na inanichoma. Wakati ule niliiona kama upendeleo wa wazi: mimi nakaa kwenye benchi ninaimba jedwali la kuzidisha, yeye anakaa mchana kutwa na mama yangu. Na Jumanne na Ijumaa walikuwa wanakwenda Bukavu pamoja, wao wawili. Bukavu yangu! Nilizaliwa pale, najua duka la mikate liko wapi, na mimi ndiye niliyekuwa ninaachwa. Nikilia, Maman alisema, “Weye uko na masomo,” na kunifunga sweta mpaka shingoni.

Alasiri walirudi, nami niliwangojea mlangoni. Nsimire aliondoka asubuhi na gauni lake lililopauka, akarudi amevaa kitenge kipya. Si mara moja. Kila safari. Leo cha majani ya kijani, Ijumaa cha njano chenye feni, Jumanne nyingine cha buluu, na pindoni ile karatasi ndogo ya dhahabu ya dukani bado imebandikwa. Alipopita karibu yangu niliisikia harufu. Tena alirudi amenenepa. Naapa, asubuhi alikuwa kijiti, alasiri ana makalio na tumbo kama mke wa mwenye duka. Nilifikiri sana juu ya unene huo nikakata shauri kwamba kule Bukavu Maman anamlisha nyama na ndizi za kukaanga, na kwamba unene huo unakwisha njiani kwa sababu ya roho yake mbaya.

Wakishafika, waliingia moja kwa moja chumbani kwa Koko na pazia likashushwa. Mimi nilipewa kidumu. “Kimbia ku maji.” Daima ni maji, hata kama mtungi umejaa. Nikirudi kutoka kisimani nilimkuta Nsimire na gauni lake la zamani, mwembamba tena, akichambua maharage kana kwamba hakuna kilichotokea. Na sanduku la buluu lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Lazima niwaambie juu ya sanduku hilo. Kwetu mama mwenye binti anaanza mapema kumwekea vitenge, kimoja leo, kimoja mwakani, ili siku ya kuolewa asiende kwa watu mikono mitupu. Koko alimwekea Maman ndani ya sanduku hilo hilo. Na Maman alikuwa ameniahidi, tukiwa bado Bukavu, kwamba lile la buluu litakuwa langu. Sasa nilikuwa ninaona vitenge vinaingia na mwenye kuvivaa si mimi. Siku moja kidumu changu kilipasuka nikarudi mapema, nikachungulia pembeni mwa pazia. Koko alikuwa amekaa kitandani na fimbo yake, Nsimire anatembea kutoka ukutani hadi ukutani, mzito, na Koko anamwambia: “Polepole. Usipanue miguu. Tembea sawa muke mwenye mimba, angalia mbele, usicheke na muntu.” Maman alikuwa nyuma yake anamrekebisha pindo.

Mimi nikaelewa yote. Yaani nilidhani nimeelewa. Walikuwa wanamfundisha kuwa bibi arusi! Sanduku langu limepewa Nsimire, yeye ndiye binti mkubwa sasa, ataolewa na vitenge vyangu, na mimi nitakwenda kwa mume wangu na sweta ya shule.

Sikuuliza mtu. Ningeuliza wangenidanganya, na wangekuwa na haki, maana sikuwa na kifua. Kilichoingia sikioni kwangu jioni kilikuwa shuleni asubuhi. Na benchi moja na mimi alikaa Klarisi, ambaye baba yake alikuwa mtu wa forodha pale darajani. Sisi tulisema mtu wa duane. Maman alilijua hilo vizuri kuliko nilivyojua mimi. Ndiyo maana ya pazia na ya kidumu.

Nilimlipizia kwa njia za mtoto. Nilimwaga chumvi kwenye uji wake. Nilificha ndara zake moja moja. Nilimwiga jinsi anavyotamka Kinyarwanda, ambacho kilikuwa kinamshinda, mbele ya wasichana wa jirani. Hakunisemea hata siku moja. Kila Jumanne na Ijumaa aliniletea karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, anazitoa kifuani zikiwa na joto. “Shika, Petiti.” Ndivyo alivyoniita, mdogo wake, nami nilizitupia kuku mbele ya macho yake. Kisha, akishaingia ndani, nilikwenda kuwanyang’anya kuku nikazila nyuma ya nyumba. Zilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikasirisha.

Ijumaa moja tulitoka shule mapema, mwalimu anaumwa. Klarisi alikuwa anampelekea baba yake chakula darajani akaniomba nimsindikize. Tulishuka kwa njia ya mkato katikati ya mihogo, bakuli limefungwa kwa kitambaa kichwani kwake. Baba yake alikuwa amekaa mbele ya meza chini ya bati, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitupa andazi moja tugawane. Mto ulikuwa unavuma chini, mbao za daraja zinagonga kila lori la saruji likipita, na wanawake wanakuja kwa mstari kutoka Kongo na mabeseni yao ya sabuni na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kila mmoja akifika mezani anashusha, anaonyesha karatasi, anapandisha, anakwenda.

Halafu nikawaona. Maman mbele na beseni la nyanya. Nyuma yake hatua kumi, kama hawajuani, Nsimire. Alikuwa amenenepa kuliko siku zote. Alitembea vile alivyofundishwa, polepole, anaangalia mbele, na alikuwa amevaa kitenge cheupe chenye ndege wa buluu wanaoruka, kizuri mpaka mate yalinikauka. Wanawake wawili waligeuka kukitazama. Maman alipita mezani, akanyanyua beseni. Hakuniona. Na Nsimire alipofika karibu aliniona mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, akafanya kosa alilokatazwa na Koko. Akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililonimaliza. Niliona anajigamba. Niliruka kutoka kwenye jiwe nilipokuwa nimekaa, nikashika pindo la ndege kwa mikono miwili nikavuta.

“Vula! Iko ya Maman yangu! Vula!”

Kitenge kilifunguka. Chini yake palikuwa na kingine, cha njano. Nilivuta na hicho. Chini yake chekundu. Watu walianza kucheka, dereva wa lori alipiga kelele za furaha, nami nilivuta na kuvuta, kila kimoja kikinifungulia kingine, na kila kimoja nikikiona ni penzi jipya nililonyimwa. Vilikuwa sita. Nsimire hakujitetea. Alisimama ameinua mikono kidogo, kama mtu anayevuka maji, mpaka akabaki na shimizi yake iliyotoboka kwenye mbavu, mwembamba kama asubuhi, mbele ya daraja zima. Karatasi ya karanga ikaanguka kutoka kifuani mwake na karanga zikatawanyika kwenye mbao.

Nilimgeukia mtu wa duane, nikamlilia yeye kwa sababu ndiye mkubwa aliyekuwa karibu. “Angalia, Papa Klarisi! Maman anamupatia sita! Na miye hata moja! Hata moja!”

Hakucheka. Aliweka kijiko chini, akasimama, akaviangalia vile vitenge vilivyolala miguuni pangu na karatasi zake za dhahabu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Maman, ambaye alikuwa amesimama na beseni kichwani, ameshindwa kwenda na kushindwa kurudi.

“Maman,” akamwita, akimwonyesha Nsimire kwa kalamu. “Hii mutoto iko yako?”

Maman alilikaza beseni kwa mkono.

“Kama mutoto iko yako, mali iko yako. Na ile karatasi yako ya mupaka itabaki hapa. Nakuuliza mara ya pili. Iko yako?”

Karatasi hiyo ndiyo ilikuwa shamba letu. Mshahara wa saruji ulikuwa unachelewa mpaka tunausahau. Tulichokula kilitoka ng’ambo ya daraja. Nililijua hilo hata mimi. Maman aliushusha mkono wake kutoka kwenye beseni. Alimwangalia Nsimire, kisha akaacha kumwangalia.

“Siye wangu,” akasema. Akaninyoshea kidole. “Wangu njo ule.”

Nitasema sasa kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, nimeyaombea kanisani nimepiga magoti, na yalipokuja yaliniingia tumboni kama uji wa moto. Nilifuta machozi. Nilimtazama Nsimire ili nione kama amesikia, na alikuwa amesikia.

Vitenge vilichukuliwa kama mali isiyo na mwenyewe. Na Nsimire, kwa kuwa hakuwa na karatasi wala mzazi upande wetu, aliambiwa arudi alikotoka. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alimpa kanga ya kujifunga. Alirudi juu ya zile mbao kuelekea Kongo, anatembea mwendo wake wa kawaida sasa, miguu mirefu, bila kugeuka. Maman alinishika kifundo cha mkono na kupanda nami kilima. Alitembea mbio mpaka nyanya zikawa zinadondoka kutoka kwenye beseni, na hakusimama kuziokota.

Nilitegemea fimbo na sikupigwa. Maman aliingia ndani akakaa sakafuni, uso kwenye magoti. Ni Koko aliyenifuata nyuma ya nyumba, kwenye kuku wangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeniagiza chumvi.

“Ulifikiri ni zawadi. Ile yote ni mali ya kuuzisha, mupumbavu weye. Nsimire alikuwa anavalaka mali yetu juu ya mwili yake ili duane isione. Kesho yake mama yako anaipeleka ku soko ya Kamembe. Daftari yako inatoka wapi? Hii sweta inatoka wapi?”

“Sasa juu ya nini hakunivalisha miye?”

Koko alikaa juu ya jiwe. Aliniambia kwamba Maman alipokuwa na umri wa Nsimire, ni yeye Koko aliyemvalisha hivyo hivyo, wakavuka daraja hilo hilo, wakati huo mali ikitoka huku kwenda kule. Na siku moja askari wa mpaka alimwingiza Maman kwenye kibanda chake akamvua kitenge kimoja kimoja, Koko akiwa nje amefungiwa mlango na anasikia askari wanacheka. Maman alikaa siku tatu bila kusema. Alipofungua mdomo, alisema siku akizaa msichana, msichana huyo hatavalishwa.

“Alisema hata moja,” Koko akasema. “Maneno yako njo yale yale. Nimesikia watu wanayarudilia njiani. Mutoto wangu hatavala hata moja. Basi alipokuja mutoto wa mwenzake, tukamuvalisha ule.” Akajiinua kwa fimbo. “Na miye nilimufundisha kutembea. Kwa hiyo usilie peke yako.”

Jumanne iliyofuata Maman alivuka kumtafuta. Nsimire alikuwa amechukuliwa na mjomba wake kwenda juu Kabare. Maman alivuka tena Ijumaa, akaambiwa hajashuka. Kabla hajavuka mara ya tatu, vita ya pili ikaanza, daraja likafungwa, na kwa siku nyingi tulichojua juu ya Bukavu ni moshi na milio. Maman alikuwa anasimama mlangoni akiyaangalia mabati ya ng’ambo kama nilivyokuwa nikiyaangalia mimi zamani. Nilikwenda kusimama karibu naye, mtoto wake pekee sasa, mahali pangu nilipopapigania. Hakuniwekea mkono begani. Nikamchukia Nsimire upya kwa hilo: hata akiwa hayupo, yupo.

Nilisoma mpaka mwisho. Koko akafa, daraja likafunguka na kufungwa na kufunguka. Maman aliacha vitenge akauza sambaza mpaka nilipopata kazi. Jina la Nsimire halikutajwa nyumbani kwetu, mpaka lile jambo la kitandani.

Basi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku. Siku zote za matanga nilikaa hapo. Watu wakisema nihamie kwenye mkeka nilitikisa kichwa, nao wakasema masikini, huzuni. Haikuwa huzuni peke yake. Siku ya mwisho, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni na chai inazunguka, aliingia mwanamke mrefu, mnene, mwenye mwendo wa polepole, anaangalia mbele. Nilimjua kwa ule mwendo.

Tantine, yaani shangazi yangu kutoka Giheke, ndiye aliyekuwa anapokea wageni, na alimuuliza kila mgeni yeye ni nani wa marehemu, ili apewe nafasi ya kusema neno. “Karibu, Maman. Weye ni nani wa marehemu?”

Nsimire aligeuza kichwa. Aliniangalia mimi kule nilikokaa. “Muulize ule,” akasema.

Wote waligeuka. Binti yangu, aliyekuwa anamimina chai, akasimama na birika mkononi. Ningeweza kusema ni jirani wa zamani. Ningeweza kusema ni mfanyabiashara mwenzake, na isingekuwa uongo. Neno la kweli nililijua, na nisidanganye, kilichokuwa kinalizuia ni ule ule wivu wa nilipokuwa na miaka minane, haukupungua hata kidogo. Mama huyu alikuwa wangu. Siku ile alisema hivyo mbele ya watu wote.

“Ni mutoto yake,” nikasema. “Mukubwa yangu.”

Nikasimama. Nilifungua sanduku mbele yao, nikakitoa kitenge cha ndege, kingine alichonunua Maman kama kile kilichobaki darajani, na harufu ikajaza chumba. Nsimire alikitazama bila kunyosha mkono.

“Alinipataka ku Kadutu zamani,” akasema polepole. “Ile neno yake ya ku daraja aliniomba musamaha, nikamupatia. Kila mwaka alileta hii kitenge, kila mwaka nikakatala. Nikamuambia, aliyenivula njo atanivalisha. Hakukuambia?”

“Aliniambia nikuletee.”

“Na haukukuja.”

“Sikukuja.”

“Juu ya nini?”

“Wivu,” nikasema. Wanawake wakashusha vikombe.

Nsimire alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, halafu kwa sauti, akajishika tumbo, na nikaelewa kwamba tumbo hilo halikuwa lake lote. Niliinama nikamfunga kile cha ndege kiunoni. Nilirudia fundo mara mbili, ikabidi aniongoze vidole. Chini yake niliona kingine, na chini ya hicho kingine. Alikuwa amevuka asubuhi ile na mali yake mwilini, kama Koko alivyomfundisha.

“Ngojea,” akasema. Akaingiza mkono pindoni, akafungua fundo la ndani bila kuangalia, akavuta kitenge kimoja kutoka katikati ya vingine. Kilikuwa cha njano. Akakitupa begani kwangu.

“Shika, Petiti. Ulilialaka kama hauna hata moja.”

Kilikuwa kipya, karatasi ya dhahabu bado ipo pindoni, na kilikuwa na joto la mwili wake. Nilikifunga juu ya sketi yangu nyeusi pale pale, mbele ya watu wote, nikakaa naye kwenye mkeka.